Baba mdogo anasema nikienda chuo nisirudi karakanani

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni kijana wa miaka 23, naishi Uyole hapa Mbeya. Nilimaliza kidato cha nne nikapata matokeo ambayo hayakunipeleka popote, na mwaka huohuo baba akafariki. Mama alibaki Tukuyu na mdogo wangu wa kike, mimi nikachukuliwa na baba mdogo ambaye ni seremala. Tangu hapo nafanya kazi kwake. Tunatengeneza vitanda, milango, fremu na makabati, na kiangazi kikifika tunapaua nyumba. Nilianza kwa kufagia maranda na kumshikia ncha ya ubao wakati anakata. Leo naachiwa mlango naumaliza mwenyewe, na nimeshapiga kenchi za kubeba paa la nyumba ya vyumba vitatu nikiwa na vijana wawili tu wa kunisaidia.

Mjomba, mwaka jana tulipaua nyumba ya mteja mmoja Isyesye. Mvua za kwanza hazijaisha, paa likawa limebonyea katikati. Ukisimama barabarani unaliona kabisa. Mteja alikuja juu. Baba mdogo akamwambia mbao zilikuwa mbichi, tukarudi tukapigilia mbao za kukazia, yakaisha. Usiku nikamuuliza: mbona nyumba ya jirani yake, mbao zimeshushwa na lori lilelile siku ileile, paa lake limenyooka? Akanijibu, "Fundi haulizi, fundi anaangalia." Tangu siku ile sina amani. Naona kuna mambo mengi nayafanya kwa mikono bila kujua sababu yake.

Nikaomba chuo kimyakimya. Nimechaguliwa, fani ya useremala na ujenzi wa nyumba, naanza Januari. Nilipomwambia baba mdogo alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Ukienda, usirudi hapa karakanani. Sifundishi mtu aje kuwa bosi wangu." Mama mdogo yuko upande wangu ila ananiambia nivute subira. Mafundi wenzangu wananicheka kwamba mtu mzima naenda kukaa dawati moja na watoto. Wanasema wa chuo hawajui hata kupiga randa, na kweli aliwahi kuja mmoja kwetu kufanya fildi akashindwa kunyoosha ubao mmoja wa mlango.

Kuna na hela. Siku yenye kazi napata elfu 15. Kila mwezi namtumia mama, na mdogo wangu yuko kidato cha pili, shule ya serikali. Nikiingia chuoni nani atawatazama? Na jingine la aibu, hesabu nilipata F. Maelekezo ya kujiunga yanasema kuna michoro ya kiufundi na hesabu za ujenzi.

Niende au nibaki? Nikienda nampoteza mtu aliyenilea. Nikibaki, sijui nitajibu nini paa jingine likibonyea.

Njia Panda, Uyole

—

Marahaba, mpwa wangu.

Nenda chuo. Nimelitanguliza jibu ili usisome yaliyobaki roho ikiwa juu. Lakini namna ya kwenda ina uzito kuliko kwenda kwenyewe, na hilo nitalifikia. Kwanza tulimalize la paa, kwa sababu ndilo lililokutoa usingizini, na ndani yake mna majibu ya maswali mengine uliyoniuliza.

Nyumba ya Isyesye sijaiona, kwa hiyo sitakuambia kosa lilikuwa pale au pale. Nitakuambia ambacho chuo kingekufundisha kukitazama. Mbao tunazopaulia huku kwetu karibu zote ni paina. Zinatoka Sao Hill kule Mufindi, shamba kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya kupandwa ya serikali, na nyingine zinatoka kwa wakulima wa miti wa Mufindi, Njombe na Makete. Paina iliyokatwa juzi imejaa maji. Uzito wa maji yaliyomo unaweza kuzidi uzito wa ubao wenyewe ukiwa mkavu. Maji ya mwanzo yakitoka, umbo la ubao halibadiliki. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi ndipo ubao unapoanza kusinyaa, na hausinyai sawasawa. Kufuata mduara wa zile pete za mti unasinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea kwenye moyo wa mti. Ndiyo sababu ubao unajikunja kingo zikapanda juu, na ndiyo sababu mlango uliobana vizuri wakati wa masika unaachia upenyo mwezi wa saba.

Sasa chukua ubao mbichi, upandishe juu, ubebeshe bati, uuache ukauke huku umebeba. Ubao unaokaukia chini ya mzigo hupinda kuliko ule uliokauka kabla ya kubebeshwa, na ukishakauka hivyo haunyooki tena. Kwa hiyo baba mdogo wako hakumdanganya mteja. Mbao mbichi zinabonyeza paa. Na wewe hukukosea kuuliza, kwa sababu lori lilikuwa moja na mapaa yametoka tofauti. Tofauti itafutwe kwenye kazi ya mikono: kenchi zilipishana umbali gani, na mbao ziliungwa wapi.

Hapo kwenye kuunga pana mengi. Chukua nyumba yenye upana wa mita 8, paa likiinuka mita 1.5 kutoka usawa wa lenta, ule mkanda wa zege juu ya ukuta, hadi kileleni. Rafta, yaani ule ubao wa mshazari, kutoka kileleni hadi juu ya ukuta itakuwa mita 4.27. Ongeza sentimita 60 za kutokeza nje kwa ajili ya mvua (na kwa Tukuyu kwa mama yako ningetaka zaidi ya hizo), unafika kwenye mita 4.9. Ubao wa futi 12 wa dukani una mita 3.66. Haufiki, lazima uunge. Fundi mmoja ataunga pale ubao wa kwanza ulipoishia, hewani, akapigilia misumari minne akashuka. Mwingine atasogeza kiungo kikae karibu na strati, yaani ubao wa kuegemeza ndani ya kenchi, inayokibeba kutoka chini, atakifunga kwa vipande vya ubao pande zote mbili, na kwenye kenchi inayofuata atabadilisha upande ili viungo vyote visijipange mstari mmoja. Mtu akipita barabarani siku ya kumaliza, kazi hizo mbili hatazitofautisha. Mvua na jua la mwaka mmoja vitazitofautisha.

Nimekaa hapa kwa makusudi, kwa sababu umeniambia hesabu ulipata F. Umenifuata hadi hapa? Basi nifuate hatua moja zaidi. Unajua kwamba ubao wa inchi mbili kwa nne ukiulaza unanesa, na ukiusimamisha unakaza. Baba mdogo amekufundisha kuusimamisha, na ni sahihi. Unakaza kwa kiasi gani? Chukua kimo cha ubao ukizidishe chenyewe mara tatu, kisha uzidishe kwa upana. Ukisimama: 4 mara 4 mara 4 ni 64, mara 2 ni 128. Ukilala: 2 mara 2 mara 2 ni 8, mara 4 ni 32. Gawanya 128 kwa 32, unapata 4. Ubao uleule, kwa kuugeuza tu, umekaza mara nne. Fanya hivyohivyo kwa mbili kwa sita iliyosimama, utaona inazidi mbili kwa nne kwa zaidi ya mara tatu, na hapo utaelewa kwa nini kwenye nafasi pana kuongeza kimo cha ubao kunakulipa kuliko kuongeza misumari.

Hesabu za chuo kwenye fani yako ni za namna hiyo. Na nyingine unazifanya tayari. Ulishawahi kushika futi kwenye kona ya msingi, mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, mkatafuta mshazari uje mita 5 kamili ndipo mfunge kamba? Hiyo ndiyo kanuni ya Pythagoras iliyokukimbiza darasani. Darasani ilichorwa ubaoni bila nyumba. Kwako itakuja na nyumba. Nunua daftari la mistari ya miraba sasa hivi, na kila kazi mtakayoifanya kuanzia leo hadi Januari ichore: mlango, kitanda, kabati, kwa kipimo cha 1 kwa 10, yaani sentimita 10 za kweli ziwe sentimita 1 karatasini. Ukifika darasani siku ya kwanza ya michoro, mkono utakuwa umeshazoea penseli.

Kuna sababu nyingine ya kutaka mkono wako uzoee kuchora. Wateja wa Mbeya siku hizi wanakuja na ramani. Fundi asiyesoma ramani anasubiri mwenzake amsomee, na anayemsomea ndiye anayepanga bei. Zile kazi za madarasa na zahanati za fosi akaunti, yaani serikali ikijenga bila mkandarasi, ambazo kamati zinatafuta mafundi wa hapahapa, zinataka mtu atakayesoma mchoro, atoe orodha ya mbao, misumari na bati, na akisema mbao 140 ziwe 140. Mikono yako inaweza kufanya kazi hiyo leo. Kinachokosekana ni kuiandika na kuisemea.

Hayo ya wanafunzi wasiojua kupiga randa nayachukua kwa uzito, kwa sababu ni kweli wapo, na mafundi wenzako hawajawasingizia. Wengi wao walifika chuoni hawajawahi kushika mbao, wakakuta mashine moja inagombewa na darasa zima, mbao za mazoezi zikawa chache, wakatoka na cheti. Wewe unaingia ukiwa na kile walichokikosa. Mafunzo ya ufundi stadi hapa nchini, yaliyowekwa chini ya VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo hayo, kwa sheria ya mwaka 1994, yamepangwa kwa ngazi ya kwanza, ya pili na ya tatu, na mtu anapimwa kwa anachoweza kufanya. Kwa hiyo usiende kama mtu asiyejua kitu. Siku za mwanzo mwombe mwalimu wa karakana akuone ukifanya kazi. Mwalimu mzuri akiona unachonga ulimi na tundu vikaingiana bila kuhitaji vumbi la mbao na gundi kuziba, atakupa kazi za juu yake badala ya kukurudisha kwenye kutaja majina ya vifaa.

Na kabla hujalipa hata shilingi, nenda mwenyewe ukaitazame karakana ya chuo hicho siku ya kazi. Usiende siku ya mapokezi, siku hiyo kila kitu kimefagiliwa. Angalia chini ya meza za kazi kama pana maranda mabichi. Pitisha kidole kwenye meza ya mashine ya kuranda: chuma kinachofanya kazi kinang'aa, kilicholala kina kutu au vumbi zito. Tazama kama msumeno wa duara una kinga yake, maana vidole havichipui. Uliza wanafunzi wa mwaka wa pili, bila walimu kusikia, wametengeneza nini kwa mikono yao muhula huu. Ukikuta maranda hakuna na mwaka wa pili wanakuonyesha madaftari matupu, tafuta chuo kingine hata kama ni kusubiri mwaka. Kutoka Mbeya mpaka Iringa na Njombe vyuo vipo, vya serikali na vya makanisa.

Suala la umri halinipi shida. Baada ya wiki mbili hao watoto watakuwa wanakuita kaka na kukuletea kazi zao uwakosolee.

Na kwa kuwa umetaja kuwa mnapaua, kuna jambo linanikera ninapopita kwenye maeneo ya ujenzi. Vile vipande vya mbao za kijani, zilizopigwa dawa, vijana huvikusanya jioni kwenda kuwashia moto nyumbani, hasa Juni na Julai baridi inapouma. Dawa inayotia mbao ukijani huo, mara nyingi ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu. Ikichomwa inaingia kwenye moshi na kwenye majivu. Visichomwe, visipikiwe, na majivu yake yasimwagwe bustanini. Hilo waambie na wale vijana wawili wanaokusaidia. Wao hawaendi chuo, na hakuna atakayewaambia.

Tuje kwenye hela. Mdogo wako yuko shule ya serikali, na kuanzia 2016 kidato cha kwanza hadi cha nne hakuna ada, kwa hiyo unachobeba ni sare, madaftari, nauli, michango na chakula. Kaa na mama mkiandike kwa mwezi, kila kitu, mpate namba moja. Huenda ni ndogo kuliko hofu yako. Kisha mwambie mama ukweli: kwa muda wa chuo nitatuma nusu, au theluthi, na likizo nitaongeza. Akina mama wa Tukuyu wana migomba, wana chai, wana vikundi vyao vya kuweka na kukopa. Wakiambiwa mapema wanajipanga, wanachoumia nacho ni kusubiri hela isiyokuja. Kama chuo kina nafasi ya kutwa na unaweza kufika kutoka Uyole, chukua kutwa. Jioni na Jumamosi kuna stuli, vitanda na viti vya kurekebisha, hata ukitengenezea uani. Vifaa nunua kimoja kimoja kuanzia mwezi huu wakati kazi zipo: futi, skwea, pima maji, patasi za ukubwa tofauti, nyundo nzuri. Ukipeleka chuoni vifaa vyako husubiri zamu ya mtu.

Usikope kwa hawa wa kausha damu kulipia chuo. Usikope hata elfu 50. Mikopo ya halmashauri ya vikundi, ile asilimia 4 ya mapato yake inayotengewa vijana, haina riba, na hiyo iweke akilini kwa baadaye, mtakapomaliza ukawa na wenzako wa kweli wa kufungua nao kazi. Si ya ada.

Sasa baba mdogo.

Mpwa wangu, isikilize upya ile kauli yake. Amekuchukua ukiwa yatima wa kidato cha nne, amekupa msumeno, amekupa jina la fundi. Umeomba chuo bila yeye kujua, ukamletea habari ikiwa imeshaiva. Mtu wa kwetu hapokei hivyo. Kwa mila zetu baba mdogo ni baba, na baba hasikii safari ya mwanawe kama mtu baki anayepewa taarifa. Halafu kuna la pili: anakupoteza wewe ambaye unaweza kuachiwa mlango na kenchi, wakati msimu unakuja na wateja ameshawaahidi. Na la tatu hatalisema kwa kinywa chake. Ameona vijana wenye vyeti wakipewa kazi ambazo yeye, na miaka yake yote juu ya mapaa, hakuulizwa. Anaona na wewe unaenda kuchukua karatasi ileile. "Aje kuwa bosi wangu" lilitoka huko. Ni maumivu ya mtu anayejua kazi na hana cha kuionyeshea.

Kwa hiyo usimjibu, na usimwendee peke yako. Panda Tukuyu, mweleze mama, kisha mtafute baba mkubwa au mzee yeyote wa upande wa baba yako ambaye baba mdogo humsikiliza. Mwambie mzee huyo ukweli wote, pamoja na kwamba uliomba kimyakimya. Mje naye Uyole jioni, nyumbani, wala msiende karakanani mbele ya mafundi. Na mkono mtupu haulambwi, beba kitu cha kumheshimu mwenye nyumba na mama mdogo. Mzee ndiye aanze kusema. Ikifika zamu yako sema kidogo: "Baba, nilikosa kwa kutokukushirikisha, nisamehe. Nilichonacho chote cha mikono umenipa wewe. Nimekuja kuomba ruhusa na baraka." Usitaje Isyesye hata kwa mbali. Usimtaje mteja, wala paa, wala swali lililokosa jibu.

Halafu mpe vitu vya kushika. Mwambie kuanzia sasa hadi Januari utamfundisha mmoja wa wale vijana wawili kila unachokifanya, mpaka aweze kuachiwa mlango. Hilo lianze kesho yake asubuhi, alione kwa macho. Mwambie likizo zote utakuwa karakanani kwake, na kwa kuwa likizo ya katikati ya mwaka inaangukia kiangazi, utakuwepo wakati wa kupaua. Na omba kwamba muda wa fildi ukifika uifanyie kwake, kama chuo kitakubali. Fikiria maana yake kwa mzee kama huyo, mwalimu wa chuo aje karakanani kwake na karatasi za tathmini, amuulize yeye: "Fundi, kijana wako anaendeleaje?"

Anaweza kukataa bado. Nenda hata hivyo, mradi mzee wenu ameafiki na mama ameafiki. Lakini uondoke kwa shikamoo, usihamishe vifaa vyake hata msumari, usimseme vibaya kwa mafundi, na likizo ya kwanza uende kumsalimu hata kama hatakukaribisha kiti. Nimeona wazee wengi wa namna hii. Wanakaza shingo mwezi wa kwanza, mwezi wa sita wanauliza watu wa nyumbani kama yule mtoto anakula vizuri.

Ukirudi, utajua mambo asiyoyajua. Hapo ndipo vijana wengi wa chuo wanapoharibu. Ukimwona anaunga rafta hewani usimwambie mbele ya mteja wala mbele ya wasaidizi. Sogea, shika ubao ule, mwombe: "Baba, niruhusu hii niisogeze hapa kwenye strati." Isogeze. Akikuuliza sababu, mweleze. Asipouliza, acha. Kenchi itakuwa imekaa sawa na hakuna aliyeaibika.

Kuna jambo la mwisho, na hili ni lake zaidi kuliko lako. VETA ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Ni kwa watu kama baba mdogo hasa: waliojifunza kazi mtaani, kwa baba zao, kwa mafundi wenzao. Mtu anapimwa kwenye kazi anayoifanya, panapopungua anapewa mafunzo mafupi ya kuziba pengo, kisha anapewa cheti kinachotambulika. Haketi darasani miaka miwili na hafungi karakana yake. Hata wewe, kama mambo ya nyumbani yakikukwamisha Januari, njia hii ipo, ingawa kwa umri wako na kwa maswali uliyonayo ningependa upate miaka ya kukaa na kujifunza vizuri. Nenda ofisi ya VETA hapo Mbeya ukaulize zoezi la fani ya useremala linafanyika lini, mwombaji anatakiwa awe na nini, na gharama yake ni kiasi gani. Pata majibu kamili, uyaandike.

Usilitaje siku ya kikao. Siku hiyo litasikika kama umemwambia hajasoma. Ngoja hadi likizo, mkiwa wawili mnapiga msasa, naye akuulize mwenyewe huko chuoni mnafundishwa nini. Ukishamjibu ndipo umwambie na hili, na akionyesha kulitaka, mchukulie fomu, mjazie pale asipoona vizuri, na siku ya kupimwa umshikie ncha ya ubao.